NYENZO NA SAUTI: HISTORIA YA MUZIKI WA KOMPYUTA TANGU 1951 HADI 1983

Katika mijadala yetu ya itikadi mara nyingi utamaduni huzungumzwa kana kwamba ni moshi unaoelea angani, usio na uhusiano na jiko uliotoka. Tunahesabu viwanda, mashamba na mabenki, halafu mwisho wa hotuba tunaongeza sentensi moja juu ya ngoma. Kosa hilo linatunyima somo. Ngoma ina ngozi, na ngozi ina mwenyewe. Zeze lina kibuyu, marimba ina mbao, na tangu kale mpigaji wa kijijini aliweza kuzipata nyenzo hizo kwa mkono wake mwenyewe. Hakuomba kibali cha kampuni yoyote ili akate kibuyu.

Katikati ya karne ya ishirini ilizuka ala ya namna nyingine kabisa. Ilijaza chumba kizima, bei yake ilizidi uwezo wa mwanamuziki yeyote duniani, na wenyewe walikuwa ni majeshi, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Ala hiyo ni kompyuta. Jinsi watu wachache walivyoifanya itoe muziki ni historia isiyojulikana sana kwa wasomaji wa Kiswahili, na wanaoijua huielewa kwa njia mbili zilizopotoka. Wapo wanaosema kuwa ni mchezo wa mabepari walioshiba, usiomhusu mkulima wala mfanyakazi. Wapo wengine, hasa vijana wetu wa vyuo, wanaosema kuwa sayansi haina tabaka, na kwamba waliobuni muziki huu walikuwa na vichwa vizuri tu, basi. Wote hawa hawajauliza swali ambalo mjamaa hana budi kuanza nalo: mtambo ulikuwa wa nani, na ulinunuliwa kwa kazi gani?

Sauti ya mtambo kazini

Kompyuta za mwanzo hazikuwa na kioo cha kumwonyesha mtumishi maendeleo ya kazi. Hesabu ilikuwa ikienda ndani ya mamia na maelfu ya vali, kama zile za redio za zamani, naye aliyesimama mbele ya mtambo hakujua kama kazi inasonga au imekwama. Kwa hiyo mafundi walifunga spika. Mtambo ulipofika mahali fulani katika maagizo yake ulitoa mlio, na mtumishi akajua. Ilikuwa ni honi ya kazini, haikukusudiwa kumburudisha mtu.

Huko Sydney, Australia, baraza la utafiti la serikali lilikuwa na mtambo wa namna hiyo, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la CSIRAC. Mwandika maagizo wake, Geoff Hill, aligundua kwamba milio ya honi ikipangwa kwa haraka na kwa vipimo sahihi hugeuka kuwa noti. Mwaka 1951, katika mkutano wa kwanza wa wataalamu wa kompyuta nchini humo, mtambo ulipiga nyimbo zilizokuwa zikijulikana na watu, ukiwamo wimbo wa matembezi wa askari uitwao Colonel Bogey. Hakuna aliyeurekodi. Mwaka huo huo mjini Manchester, Uingereza, mwalimu wa shule aitwaye Christopher Strachey aliifanya kompyuta ya Ferranti Mark 1 ipige wimbo wa taifa wa nchi hiyo na nyimbo nyingine mbili. Alan Turing alikuwa ameshaeleza katika kitabu cha maelekezo ya mtambo huo namna ya kuufanya utoe mlio. Redio ya BBC ilirekodi nyimbo hizo, na sahani yake ndiyo kumbukumbu ya zamani kuliko zote iliyobaki ya kompyuta ikipiga muziki.

Mambo haya yanastahili heshima, lakini tusiyakuze kupita kiasi. Mtambo ulipewa nyimbo ambazo tayari zilikuwa vinywani mwa watu, ukazirudia kwa sauti moja kavu. Mabadiliko yenyewe yalikuwa bado, na yalikuja kutoka mahali ambapo mpenzi wa muziki asingefikiria kuangalia: katika biashara ya simu.

Kwa nini kampuni ya simu?

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Kinasa sauti huugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Ukiupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa tarakimu, unapata orodha ya namba, na orodha hiyo ndiyo sauti yenyewe iliyolala. Kwa mazungumzo ya simu vipimo 8,000 kila sekunde vinatosha. Muziki wenye noti za juu unahitaji zaidi, vipimo 20,000 au zaidi.

Makampuni ya simu yalipendezwa na jambo hili kwa sababu iliyo wazi. Sauti inayosafiri katika waya mamia ya maili hufifia na kujaa kelele, na kila kituo kinachoikuza hukuza na kelele zake. Namba hazifanyi hivyo. Kila kituo kinaweza kuziandika upya zikawa safi kama zilivyotoka. Mwaka 1962 kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kutumia njia ya kupitisha mazungumzo 24 kwa pamoja yakiwa katika hali ya namba, na hivyo kuziongezea faida waya zile zile zilizokuwa zimekwisha kulazwa ardhini.

Kabla ya hapo, utafiti ulihitajika. Katika maabara za Bell huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, mhandisi mmoja aitwaye Max Mathews aliajiriwa mwaka 1955. Yeye na wenzake walitengeneza vyombo vya kuingiza sauti ya binadamu ndani ya kompyuta na kuitoa tena, ili mipango mipya ya simu ijaribiwe kwa hesabu kabla ya kampuni kugharimia ujenzi. Mathews alipenda kupiga fidla, ingawa mwenyewe hakujihesabu kuwa mpigaji hodari. Jioni moja yeye na mkuu wake wa kazi, John Pierce, walikwenda kusikiliza piano. Wakati wa mapumziko Pierce alimwambia kwamba kompyuta ingeweza kufanya vizuri kuliko yale waliyokuwa wakiyasikia, na kwamba atenge muda kidogo aandike maagizo ya kufanya hivyo.

Tuitazame hoja iliyokuwa ndani ya pendekezo hilo. Ikiwa sauti yaweza kugeuzwa namba, basi namba zaweza kugeuzwa sauti. Na hakuna sheria ya maumbile inayosema kwamba namba hizo lazima zitoke kwanza katika kinywa au katika uzi wa fidla. Zaweza kukokotolewa tangu mwanzo. Zikikokotolewa, mtunzi anapata sauti ya ala ambayo haijawahi kuchongwa na fundi yeyote. Kikwazo ni wingi wa kazi: sekunde moja tu ya wimbo inadai maelfu kwa maelfu ya namba, kazi ambayo mtu mwenye kalamu na karatasi asingeimaliza hata wimbo ukapoteza maana. Mtambo wa kuhesabu ulihitajika, na mtambo ulikuwa wa wakubwa.

Mwaka 1957 Mathews alikamilisha maagizo yaliyoitwa MUSIC I. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa IBM 704, iliyokuwa New York katika makao makuu ya kampuni ya IBM na kukodishwa kwa saa. Hesabu ilifanywa New York ikahifadhiwa katika utepe wa sumaku, kisha utepe ukasafirishwa hadi Murray Hill, kwa kuwa chombo cha kugeuza namba kuwa sauti kilikuwa huko, kilikowekwa kwa ajili ya simu. Wimbo wa kwanza ulitungwa na mfanyakazi mwenzake, Newman Guttman, uliitwa The Silver Scale, na urefu wake ulikuwa sekunde 17. Kusema kweli hauna utamu. Una sauti moja, na noti zake zinasikika kama za kitu cha kuchezea watoto. Aliyeusikia mara moja hana hamu ya kuurudia. Lakini kila sauti tunayoisikia leo kutoka katika simu ya mkononi inapita njia ile ile iliyopitwa na sekunde hizo 17.

Mathews aliendelea. MUSIC II ya mwaka 1958 ilikuwa na sauti nne. Mwaka 1960, katika MUSIC III, alifikia wazo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika kazi yake. Badala ya kumpa mtunzi ala iliyokwisha kutengenezwa, alimpa vipande: kipande kinachotoa wimbi, kingine kinachojumlisha, kingine kinachopunguza nguvu. Mtunzi aliviunga apendavyo na kupata ala yake mwenyewe, jinsi fundi anavyounga mabomba. Mwanamuziki alirudishiwa uwezo wa kuchonga zeze lake. MUSIC IV ilifuata mwaka 1963, nayo aliiandika pamoja na Joan Miller. Hapa inafaa kusema kwamba wanawake walishika sehemu kubwa ya kazi ya kuandika maagizo katika maabara hizo, na vitabu vingi vimewapitia juu juu. Mwaka 1961, kompyuta ilipotamka kwa mara ya kwanza maneno ya wimbo wa zamani wa Daisy Bell, mashairi yakiimbwa na mtambo na kusindikizwa na mtambo, sauti ya uimbaji ilitokana na kazi ya John Kelly na Carol Lochbaum, na Mathews alishughulikia usindikizaji. Mara nyingi hutajwa Mathews peke yake.

Sasa tuje kwenye swali letu. Kwa nini kampuni ya kibepari iliyokuwa na ukiritimba wa simu Marekani iliruhusu mambo haya, na kwa nini haikuyauza? Wasifu wa Mathews hujibu kwa kutaja ukarimu wake. Ukarimu ulikuwapo kweli, maana aliwapa wengine kazi yake bila kudai malipo. Lakini ukarimu wa mtu mmoja hauelezi mwenendo wa shirika. Mwaka 1949 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa ukiritimba. Kesi iliisha mwaka 1956 kwa makubaliano: kampuni iliachiwa simu zake, ikazuiwa kufanya biashara nje ya mawasiliano, na ikatakiwa kuwaruhusu wengine kutumia hataza zake nyingi. Kwa hiyo mwaka uliofuata, muziki ulipozaliwa ndani ya maabara, haukuwa na soko la kupelekwa na mwenye nyumba. Ukaachwa huru kama mtoto asiye na mahari. Na gharama zake ziliingia katika hesabu kubwa ya utafiti, iliyolipwa mwishowe na mamilioni ya wateja waliopokea ankara ya simu kila mwezi. Hiyo ilikuwa mali ya umma iliyokaa mikononi mwa watu binafsi. Kwa muda mfupi, na kwa shinikizo la sheria, matunda yake yakarudi kwa umma.

Vita, na mtu aliyetoka vitani

Makampuni hayakuwa peke yao. Chuo Kikuu cha Illinois kilijenga kompyuta iitwayo ILLIAC, iliyoanza kazi mwaka 1952 ikiwa pacha wa nyingine, ORDVAC, iliyojengwa hapo hapo kwa ajili ya hesabu za mizinga za Jeshi la Marekani. Mwanakemia mmoja, Lejaren Hiller, alikuwa akiitumia ILLIAC kwa hesabu za molekuli ndefu, na aliona kwamba njia ile ile ya kubahatisha na kuchuja inaweza kutunga muziki: mtambo unazalisha namba ovyo, unaipima kila namba kwa kanuni za utunzi, unazitupa zisizofaa na kuziweka zinazofaa. Yeye na Leonard Isaacson walitoa Illiac Suite, kazi ya fidla mbili, viola na sello. Sehemu zake tatu za kwanza zilipigwa hadharani tarehe 9 Agosti 1956, na kazi yote ilikamilika mwaka 1957. Tofauti na kazi ya Mathews, hapa mtambo haukutoa sauti. Uliandika noti, na watu wenye ala za mbao wakazipiga. Katika Urusi ya Kisovieti Rudolf Zaripov aliifanya kompyuta ya Ural itunge tuni fupi fupi kwa njia inayofanana na hiyo, naye aliandika juu ya kazi yake mwaka 1960.

Lakini mtu anayepaswa kusomwa na kila kada katika historia hii ni Iannis Xenakis. Alikuwa Mgiriki, mwanafunzi wa uhandisi mjini Athens wakati Wajerumani walipoikalia nchi yake, na alijiunga na wapiganaji wa upinzani wakiongozwa na Wakomunisti. Wajerumani walipoondoka, Waingereza waliingia, na badala ya kuwaachia Wagiriki nchi yao waligeuza mizinga dhidi ya wale wale waliopigana na ufashisti. Katika mapigano ya Athens yaliyoanza Disemba 1944, kombora la kifaru cha Kiingereza lilimvunja Xenakis uso na kumtoa jicho moja. Mwaka 1947 alikimbilia Ufaransa, na huko nyumbani akahukumiwa kifo bila kuwapo. Hakuweza kurudi mpaka mwaka 1974, utawala wa kijeshi ulipoanguka.

Paris alipata kazi ya uhandisi kwa msanifu majengo Le Corbusier, na usiku alitunga. Fikra yake ya muziki ilitoka barabarani. Alieleza mwenyewe jinsi umati wa maandamano unavyopaza kauli moja kwa pigo moja, jinsi kauli hiyo inavyosafiri kutoka mbele hadi nyuma, kisha bunduki zikafyatuliwa na pigo lile likavunjika vipande elfu vya mayowe, risasi na ukimya. Hakuna mtu mmoja anayelipanga tukio hilo, hata hivyo tukio zima lina sheria zake, kama mvua juu ya bati ilivyo na sheria zake ingawa hakuna tone linalojua. Xenakis alitafuta hesabu ya sheria hizo, na akaipata katika kanuni za wingi na uwezekano zinazotumiwa na wanafizikia. Kazi zake Metastaseis na Pithoprakta za miaka ya 1950 alizikokotoa kwa mkono.

Mkono ulichoka. Mwaka 1962 IBM ya Ufaransa ilimruhusu kutumia kompyuta yake ya IBM 7090 katika jumba la Place Vendôme, mjini Paris. Kazi iliyotoka aliipa jina la kihasibu, ST/10-1, 080262: ala 10, kazi ya kwanza, iliyokokotolewa tarehe 8 Februari 1962. Ilipigwa mwezi wa Mei mwaka huo huo katika nyumba hiyo hiyo ya kampuni. Hebu tulitazame jambo hili jinsi lilivyo. Mkimbizi wa kisiasa, mwenye hukumu ya kifo juu ya kichwa chake kwa kupigania nchi yake, aliingia katika ofisi za mojawapo ya makampuni makubwa ya Marekani, akapewa saa chache za mtambo, na akazitumia kuandika kanuni ya umati. Je, alinunuliwa? Sidhani. Wala sidhani kwamba kampuni ilifanya hisani, kwa sababu tangazo lililotokana na tukio hilo lilikuwa na thamani kwake. Mwanamapinduzi na kampuni walitumiana, na katika kutumiana huko kila mmoja alijua anachokichukua. Kinachomtofautisha Xenakis na wengi ni kwamba hakuridhika na saa za kupewa. Alianzisha kituo chake cha utafiti, na mwaka 1977 kituo hicho kilitoa mtambo ulioitwa UPIC: meza kubwa ambayo mtu huchora juu yake kwa kalamu, na kompyuta ikaugeuza mchoro kuwa sauti. Asiyejua kusoma noti aliweza kutunga. Watoto waliutumia.

Mfaransa mwingine, Jean-Claude Risset, alikwenda Murray Hill mwaka 1964. Alikuwa mwanafizikia na mtunzi. Wakati huo tarumbeta za kompyuta zilisikika kama kitu chochote isipokuwa tarumbeta, na hakuna aliyejua sababu. Risset aliingiza sauti ya tarumbeta halisi ndani ya mtambo, akaipima kipande kwa kipande, akakuta kwamba kadiri mpigaji anavyopuliza kwa nguvu ndivyo sauti nyembamba za juu zinavyoongezeka. Ung'avu wa shaba unatokana na badiliko hilo. Mwaka 1969 alitoa katalogi ya sauti zake, kila moja na maelekezo yake kamili kama ya mapishi, ili yeyote mwenye mtambo aweze kuzitengeneza. Mwaka uliotangulia alikuwa ametunga muziki wa mchezo wa kuigiza juu ya rubani wa ndege za Hiroshima. Ndani yake mna sauti inayoshuka, ikashuka, ikashuka tena bila kufika chini kamwe, kwa hila ya hesabu inayolidanganya sikio. Ni sauti ya bomu lile likianguka katika akili ya mtu aliyekuwa juu. Mitambo ya aina hii ndiyo iliyofanya hesabu za silaha za nyuklia, na mtunzi huyu aliitumia kuwashtaki walioangusha.

Sauti inageuka bidhaa

James Tenney, mtunzi wa kwanza kuajiriwa katika maabara za Bell, alifika mwaka 1961 na kutunga kazi ya kelele iliyotokana na msongamano wa magari katika handaki la Holland alimopita kila siku kwenda kazini. Laurie Spiegel alifanya kazi humo katika miaka ya 1970. Ningeweza kuongeza wengine. Lakini hadithi inageuka kwa mtu mwingine, na inageuka kwa namna ambayo msomaji wa nadharia ya uchumi ataitambua mara moja.

John Chowning alikuwa mpiga ngoma na mwanafunzi wa muziki katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Hakuwahi kugusa kompyuta. Mwaka 1964 alisoma makala ya Mathews katika jarida la Science, iliyosema kwamba kompyuta yaweza kutoa sauti yoyote sikio linayoweza kuisikia. Alisafiri hadi Murray Hill, na Mathews akampa sanduku la kadi zenye matundu: MUSIC IV nzima, bure. Stanford kulikuwa na maabara ya akili ya mashine iliyogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na Chowning alifanyia kazi humo, mara nyingi usiku, wenye kazi rasmi walipokuwa wamelala.

Mwaka 1967 alikuwa akiichezea sauti moja kwa kuitikisa kwa sauti nyingine, kama mpiga fidla anavyotikisa kidole juu ya uzi. Aliongeza kasi ya mtikiso. Ilipozidi kiasi, sikio liliacha kusikia mtikiso na badala yake likasikia rangi mpya: kengele, shaba, mbao. Mawimbi mawili tu yalitoa sauti ambayo kwa njia ya zamani ingehitaji mawimbi kumi au ishirini. Umuhimu wa jambo hili kiuchumi ni mkubwa kuliko uzuri wake. Kazi ya mtambo ilipungua mara nyingi, na kazi ikipungua, thamani ya kitu inashuka. Kilichohitaji chumba kizima chaweza kuingizwa katika sanduku dogo na kuuzwa dukani.

Chowning aliutumia ugunduzi huo kwanza kama mtunzi, katika Turenas ya mwaka 1972, ambamo sauti zinazunguka chumba kana kwamba zina mbawa, na katika Stria ya mwaka 1977. Chuo kilitafuta wanunuzi. Watengenezaji wa vinanda wa Marekani hawakuona faida ndani yake. Kampuni ya Yamaha ya Japani iliona. Wakati huo huo chuo kilikuwa kimemnyima Chowning ajira ya kudumu, na alirejeshwa mwaka 1975, biashara ilipokuwa imeanza kunukia. Hataza ilitolewa mwaka 1977. Mpaka muda wake ulipokwisha katika miaka ya 1990, ilikiletea chuo zaidi ya dola milioni 20.

Sanduku la kadi lilitoka Murray Hill bila bei. Kilichotoka Stanford kilikuwa na bei. Sisemi kwamba Chowning alimsaliti Mathews. Fedha za hataza zilisaidia kukiendesha kituo cha muziki alichokianzisha chuoni, na kituo hicho kiliwasomesha wengi. Lakini nyenzo zilikuwa zimehamia kwenye uhusiano mwingine wa uzalishaji, na sauti ilihama nazo.

Mwaka 1983 Yamaha ilitoa kinanda cha DX7. Kilikuwa na sauti 32 zilizowekwa tayari kiwandani. Kilichouzwa ndani ya boksi hilo ni kompyuta ya muziki, yenye uwezo ambao Guttman na Mathews wasingeuota mwaka 1957, na mnunuzi aliruhusiwa kuunda sauti zake mwenyewe. Wachache walifanya hivyo. Vitufe vilikuwa vingi, dirisha la maandishi lilikuwa dogo, maelezo yalikuwa magumu, na wapigaji wengi walitumia sauti za kiwandani kama zilivyo. Ndiyo sababu nyimbo za miaka ya 1980 kutoka nchi zilizoachana mbali sana zina piano ile ile ya umeme, nyepesi na yenye mlio wa kioo. Mtunzi aliyepewa vipande na MUSIC III ili achonge ala yake alikuwa amerudishwa katika hali ya mteja mbele ya rafu.

Sisi tulikutana na historia hii mwishoni mwake, kwenye rafu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965 kwa kazi za hesabu, na mwaka 1974, baada ya hasara na matatizo mengi, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yalikuwa na sababu zake za fedha za kigeni na za kukataa kufungwa na wauza mitambo. Lakini tusifiche kwamba katika miaka hiyo hiyo vinanda vya umeme viliendelea kuingia kwa njia nyingine, mikononi mwa bendi za dansi na baadaye vikundi vya taarabu la kisasa, kama bidhaa iliyokamilika, bila hata mmoja wetu kuwa na nafasi ya kukaa usiku mbele ya mtambo na kuuliza umetengenezwaje. Tulilinda hazina ya nchi dhidi ya mashine, tukasahau kwamba mashine ilikuwa pia ala.

Ule upande mwingine wa historia haukufa. Mwaka 1986, Barry Vercoe wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, mzaliwa wa New Zealand, alitoa Csound, mtoto wa moja kwa moja wa zile MUSIC za Mathews, ikiwa na vipande vile vile vya kuungwa. Iligawiwa bila malipo. Bado inagawiwa, na inafanya kazi katika kompyuta ya kawaida ya aina ile iliyopo kwenye ofisi ya karani wa chuo chochote.